Kidonge kimoja, kazi mbili: mkanganyiko wa dawa za kutapika na za safari kwa mbwa

Tomi alikuwa anaanza kabla gari halijatoka hata getini. Anajilamba midomo, anapiga mwayo, anapiga mwingine, alafu udenda unaanza kushuka kama uzi mpaka kwenye kiti, na mimi nikimwangalia kwenye kioo naona macho yamekuwa madogo hivi najua zimebaki dakika tano. Nilikuwa natembea na taulo mbili, moja ya kutapikiwa moja ya kujifutia mwenyewe. Siku daktari wa mifugo aliponipa kidonge nikampa, tukasafiri, hakutapika hata tone. Lakini udenda ulishuka safari nzima na tulivyofika alishuka amenyong'onyea, hataki hata maji. Nikabaki najiuliza, sasa hii dawa imefanya kazi au haijafanya?

Ilikuwa imefanya, ila kazi yake sio ile niliyokuwa naifikiria mimi. Na hapa ndo wengi wenye mbwa tunapojichanganya, tunasema tu "dawa ya kutapika" kama vile ni jambo moja, kumbe kuna mambo manne yamefungwa kwenye fundo moja: kuna kutapika, kuna kucheua, kuna kichefuchefu na kuna woga. Kila moja lina njia yake mwilini, na ukimpa mbwa dawa ya hili kwa ajili ya lile utaishia kusema umeuziwa feki.

Nianze na kucheua manake ndo linalopuuzwa. Mbwa anayetapika utamjua, mwili mzima uko kazini: anasimama, anainamisha kichwa, tumbo linabana na kuachia, linabana na kuachia, unasikia ile sauti ya kukokoa kabla hakijatoka kitu, na kinachotoka mara nyingi kimeshaanza kusagika au kimechanganyika na nyongo ya njano. Anayecheua hana habari hizo zote. Anainamisha tu kichwa na chakula kinateleza nje kilekile alichokula, saa nyingine kina umbo la bomba kama umio lilikotoka, na mwenyewe anakishangaa. Shida hiyo iko kwenye umio, amri ya kutapika haijatolewa popote, kwa hiyo dawa ya kuzuia kutapika haina cha kuzuia hapo. Ndo maana nawaambia watu kabla hujakimbilia kwa daktari mpige video. Sekunde ishirini za video kwenye simu zinamsaidia daktari kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Sasa kutapika kwenyewe. Tumbo halijiamulii kutapika, ubongo ndo unatoa amri. Kwa nyuma kabisa, pale ubongo unapokaribia kuungana na uti wa mgongo, kuna mtandao wa seli ambao madaktari wanauita kituo cha kutapika, na kituo chenyewe hakijui chochote, kinasubiri kuletewa taarifa. Taarifa zinaingia kama vijito vinavyomwaga kwenye mto mmoja. Kijito cha kwanza kinatoka tumboni na utumboni: mbwa kala kitu kilichooza, utumbo umewaka, kongosho limevimba, mishipa ya fahamu inapeleka habari juu. Cha pili kinatoka kwenye kieneo kidogo cha ubongo ambacho kazi yake ni kuonja damu, kikikuta sumu, au dawa fulani, au uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa, kinapiga kengele. Cha tatu kinatoka sikio la ndani. Cha nne kinashuka kutoka juu kule kwenye ubongo wa kumbukumbu na hofu, yaani harufu fulani, mahali fulani, sauti fulani, na mbwa tayari anajisikia vibaya.

Ugonjwa wa safari ni kijito cha tatu. Sikio la ndani lina vimfereji vyenye majimaji vinavyopima mwendo na kuinama, gari likikata kona, likipanda tuta, likifunga breki, yale majimaji yanacheza na sikio linaripoti kwamba tunaenda, huku macho ya mbwa aliyejilaza chini kwenye gari yanaona siti ileile mbele yake yanaripoti kwamba tumekaa. Ripoti mbili zinagombana na mbwa ndo anaumia. Kwamba mzizi ni sikio na sio tumbo inajulikana siku nyingi, manake mbwa ambaye sikio la ndani limeharibika pande zote mbili haugui safari hata umtikise vipi. Watoto wa mbwa ndo wanateseka zaidi, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba ule mfumo wa mizani sikioni bado haujakomaa, na wengi wanaacha wenyewe wakikaribia mwaka. Wale wasioacha mara nyingi kijito cha nne kimeshaingia, alitapika safari ya kwanza, ya pili, ya tatu, sasa gari lenyewe limegeuka alama ya mateso na udenda unaanza likiwa limepaki. Huyo ndo alikuwa Tomi wangu.

Ukielewa hivyo vijito, dawa zinakuwa rahisi kuzielewa, manake kila dawa swali lake ni moja tu: inaziba wapi?

Ile ambayo utaandikiwa mara nyingi siku hizi inaitwa maropitanti, jina la kwanza la biashara ni Cerenia. Ulaya iliruhusiwa 2006, Marekani mamlaka yao ya dawa, FDA, ikaipitisha 2007, na ilitengenezwa kwa ajili ya wanyama tangu mwanzo, sio dawa ya binadamu iliyoazimwa. Inavyofanya kazi ni hivi. Mwilini kuna kemikali inaitwa dutu P, imejulikana toka 1931, ni mjumbe wa mishipa ya fahamu. Mjumbe huyo anafikisha ujumbe kwa kukaa kwenye vipokezi vinavyoitwa NK1, na vipokezi hivyo viko pale pale kwenye kituo cha kutapika, yaani mdomoni mwa mto baada ya vijito vyote kuingia. Maropitanti inakalia hivyo viti mjumbe akose pa kukaa. Kwa hiyo haijali sana taarifa imetoka tumboni au sikioni au kwenye damu, inaziba mwishoni. Dawa nyingi za zamani zinaziba kijito kimojawapo, hii inaziba mto, na ndo sababu imependwa.

Lakini sikiliza hapa, manake hapa ndo pana makosa mengi kuliko kote.

Kidonge ni kilekile ila kina kazi mbili na dozi mbili ambazo hazikaribiani hata kidogo. Kwa mbwa anayetapika kwa sababu ya ugonjwa, dozi ya kidonge ni angalau mg 2 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa siku. Kwa ugonjwa wa safari ni angalau mg 8 kwa kila kilo. Mara nne! Chukua mbwa wa kilo 10. Tumbo likimsumbua anahitaji mg 20, atapewa kidonge cha mg 24 basi. Mbwa huyohuyo akitaka kusafiri anahitaji mg 80, yaani nusu ya kile kidonge kikubwa cha mg 160. Vidonge vinatoka kwa ukubwa wa mg 16, 24, 60 na 160, kwa hiyo mwenye mbwa anakuwa na kile cha mg 24 kilichobaki kwenye droo tangu mbwa alipotapika mwezi uliopita, safari imefika anasema aah si ni dawa ileile, anampa kimoja, mbwa anatapika barabara nzima, na jamaa anaapa kwamba maropitanti ni mbwembwe tupu. Kampa chini ya theluthi ya dozi ya safari. Na kinyume chake kipo, tena hicho ndo kibaya, mtu ana vile vya safari mbwa akaumwa tumbo, anampa dozi ya safari siku nne tano mfululizo.

Kwa nini hiyo ni mbaya? Kwa sababu ya ini. Maropitanti ikimezwa inatoka utumboni inapita kwanza kwenye ini kabla haijaenda kokote, na ini linaikata sana, kwa dozi ya mg 2 kwa kilo inayofika kwenye damu ni kama asilimia 24 tu. Ila vimeng'enya vya ini vinavyofanya kazi hiyo vina kikomo. Ukipandisha dozi vinazidiwa, kwenye mg 8 kwa kilo inayopenya inafika kama asilimia 37. Yaani ukizidisha dozi mara nne, kwenye damu inazidi zaidi ya mara nne, hesabu haiendi sawasawa kama tulivyozoea. Kwa hiyo dozi ya safari kikomo chake ni siku 2 mfululizo. Kwa hesabu hiyohiyo mbwa mwenye ini bovu anatakiwa uangalifu wa hali ya juu, manake lile ini ndo breki yenyewe.

Umri nao unahesabika. Kwa safari vidonge ni kwa mbwa wa miezi 4 na kuendelea. Kwa kutapika kwa ugonjwa ni kuanzia miezi 2, na kwenye maelekezo ya Marekani wa miezi 2 hadi 7 hawazidishi siku 5 mfululizo. Sio urasimu. Kwenye majaribio watoto wa mbwa wadogo waliopewa dawa hii walikutwa uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa, umepungukiwa seli. Ukiambiwa bado mdogo msubiri akue, subiri.

Muda wa kumpa nao watu wanauchezea. Kikimezwa kidonge kinahitaji kama masaa 2 kufika kileleni kwenye damu, kwa hiyo ukimpa huku umeshawasha gari umechelewa tayari. Mpe masaa 2 kabla. Na sio tumbo tupu kabisa, wengine wakipewa dozi ile kubwa ya safari tumbo likiwa tupu wanatapika kabla hata ya kuondoka, sasa hapo si umetapisha kwa dawa ya kuzuia kutapika. Mpe na kachakula kidogo tu. Ila usikisokote kwenye pande la nyama yenye mafuta au jibini likakizunguka kote kote, kitachelewa kuyeyuka na ule muda uliohesabu utakuwa umeharibika. Hili la nyama nililifanya mimi, tena kwa kujisifu, nilikuwa nakifunga kama zawadi. Na mlo mkubwa usimpe karibu na safari, hilo halihitaji daktari. Ukishakata kidonge nawa mikono, usije ukajipikicha jicho na unga wake.

Kuna na sindano, inapigwa chini ya ngozi, dozi yake ni mg 1 kwa kilo, nusu ya ile ya kidonge, na ukishaelewa habari ya ini utajua kwa nini, sindano hailipi ushuru wa kupita kule kwanza. Inawahi, chini ya saa moja inakuwa kileleni. Ila inauma, sio kidogo, mbwa mtulivu kabisa utamsikia analia. Ukiona daktari anaitoa kwenye friji usishangae, ikiwa ya baridi haiumi sana. Hii ndo anayopigwa mbwa ambaye kila unachompa kinarudi, manake kumpa kidonge mbwa anayetapika kila dakika kumi ni kutupa kidonge.

Turudi sasa kwa udenda wa Tomi. Maropitanti inazuia kitendo cha kutapika vizuri sana, kichefuchefu inakipunguza kwa kiasi ila haikifuti. Kile kituo cha kutapika ni jambo moja, ile hali ya kujisikia ovyo inatengenezwa sehemu nyingine za ubongo ambako dutu P sio mjumbe pekee. Kwa hiyo unaweza kuwa na mbwa hatapiki, gari safi, wewe una furaha, na yeye moyo umemchafuka safari nzima. Mbwa hawezi kukwambia. Utamjua kwa vitu vidogo: kujilamba midomo pasipo na chakula, kumezameza mate, udenda, miayo, kugeuza kichwa ukimpa kitu anachokipenda siku zote. Dalili hizo zikiendelea na huku hatapiki, mwambie daktari hivyo hivyo, "hatapiki lakini anaonekana ana kichefuchefu", manake sentensi hiyo inabadilisha dawa atakayochagua.

Kwenye kichefuchefu inayosifiwa zaidi ni ondansetroni. Hii inaziba vipokezi vya mjumbe mwingine, serotonini, kwenye kijito cha tumboni na kile kieneo kinachoonja damu. Ni dawa ya binadamu, ilianzia kwa wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na matibabu, madaktari wa mifugo wanaitumia kwa mbwa wenye tumbo bovu, kongosho, figo, na wakati mwingine wanaiweka pamoja na maropitanti kwa sababu zinaziba sehemu tofauti. Kwa safari sio chaguo la kwanza.

Metoklopramidi ni ya zamani, unaweza ukakutana nayo. Inaziba dopamini, mjumbe mwingine tena, kwenye kile kieneo cha kuonja damu, na pia inasukuma tumbo limwage chakula mbele kwenye utumbo. Hiyo ya kusukuma ni nzuri kwa mbwa ambaye tumbo limelala, na ni hatari kubwa kwa mbwa ambaye utumbo umezibwa na soksi. Unasukuma ukuta. Kwa safari haina maana sana, sikio halihusiki na kijito chake. Na mbwa wengine inawafanya wahangaike, wanazungukazunguka chumba kama waliopoteza kitu.

Alafu kuna kundi la dawa za mzio, difenihidramini, dimenihidrinati, meklizini. Hizi kwa safari zina mantiki, histamini ni mmoja wa wajumbe kwenye njia ya sikio kwa mbwa, na kwa mbwa mwenye shida ndogo zinatosha, pamoja na usingizi zinaouleta ambao nao unasaidia. Nguvu yake haifikii maropitanti. Tatizo langu na hizi sio dawa yenyewe, ni kwamba zinapatikana bila cheti kwa hiyo mtu anajichukulia tu yale mapakiti ya binadamu. Pakiti imeandikwa mafua na mzio, ndani kuna difenihidramini sawa, lakini kuna na pseudoefedrini inayoweza kumwendesha moyo mbwa mpaka kifo, au parasetamoli, au ni sirapu imetiwa utamu wa zailitoli ambao kwa mbwa unaangusha sukari ya damu ghafla na unaweza kuua ini. Jina kubwa la mbele ya pakiti halikwambii yaliyomo, geuza nyuma usome, na ukishasoma bado mpigie daktari kwanza, hasa mbwa akiwa na presha ya macho au anapata shida kukojoa.

Sasa woga. Hapa ndo nina ugomvi. Miaka mingi mbwa anayesumbua kwenye gari alikuwa anapewa asepromazini, ile ya kumlaza, na wengi wanaiita hivyo hivyo, ya kulala. Inazuia kutapika kidogo ndio, lakini kazi yake kubwa ni kulegeza mwili, na kulegea sio kutulia. Mbwa amelala kama gunia, ngozi ya tatu ya jicho imepanda, ukimwangalia unasema kapoa, kumbe kichwani anasikia kila kitu na anaogopa kilekile, tofauti ni kwamba sasa hawezi kukimbia. Mimi siitaki kwa safari. Inashusha presha ya damu pia, na jamii za Collie na Australian Shepherd wengi wana hitilafu ya kurithi kwenye jeni iitwayo MDR1 inayofanya ubongo wao ushindwe kuzuia baadhi ya dawa, hao dozi ya kawaida inawalaza kupita kiasi. Kama shida ni woga kweli, kuna dawa zinazogusa woga wenyewe, trazodoni na gabapentini ndo zinaandikwa mara nyingi, na zinaweza kwenda sambamba na maropitanti daktari akipanga dozi. Na kuna ile kazi ya kuchosha isiyo na kidonge: kumkalisha kwenye gari limezimwa, anapewa kitu kitamu anashuka, kesho tena, wiki ijayo injini inawashwa tu, wiki nyingine mnazunguka nyumba na kurudi. Dawa inasaidia zoezi hili kwa sababu mbwa ambaye hatapiki hapati sababu mpya ya kulichukia gari. Kumbukumbu za zamani haizifuti.

Nimeongea safari sana, ngoja nirudi kwa mbwa anayetapika nyumbani, manake huko ndo dawa hizi zinaweza kuficha kitu.

Kutapika ni dalili. Ukizima dalili umenyamazisha king'ora, moto wenyewe bado unaweza kuwa unawaka. Mbwa kameza kokwa, au kipande cha mpira wa kuchezea, kimekwama, anatapika, unampa kidonge kilichobaki, kutapika kunakata, unalala kwa amani, na utumbo pale ulipobanwa unaanza kufa taratibu. Ndo maana hata maelekezo ya dawa yenyewe yanasema usalama wake haujapimwa kwa mbwa aliyezibwa utumbo au aliyekula sumu. Kwa aliyekula sumu kuna jingine tena ambalo watu hawalijui: daktari akitaka kumtapisha mbwa anatumia apomofini, na maropitanti inaizuia ile apomofini isitapishe. Kwa hiyo mbwa wako kapewa kidonge cha safari asubuhi, mchana kaiba chokoleti nzima, ukifika kwa daktari kitu cha kwanza kusema ni kwamba ana maropitanti mwilini na ilikuwa saa ngapi, ili asipoteze muda na mbinu ambayo haitafanya kazi.

Yapo ambayo hata kidonge usifikirie, ni kubeba mbwa na kwenda. Anakokoa na kukokoa hakitoki kitu na tumbo limejaa limekuwa gumu kama ngoma, hilo tumbo limejisokota, masaa ndo yanahesabika, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Anatapika damu, au kitu cha rangi ya kahawa yenye chengachenga, hiyo ni damu iliyokaa tumboni. Mtoto wa mbwa hajamaliza chanjo, anatapika na kuharisha na kanyong'onyea, huyo mfikirie pavo kwanza, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Anatapika hata maji. Na mbwa mzee ambaye ghafla kichwa kimeinama upande mmoja, macho yanachezacheza yenyewe na anatembea kama mlevi, huyo anatapika kwa sababu ya sikio la ndani bila kupanda gari lolote, mara nyingi sio kiharusi kama watu wanavyoogopa ila lazima aonekane.

Ukitaka kujua amepungukiwa maji kiasi gani, mvute ngozi ya begani kwa vidole viwili uiachie, ikirudi palepale sawa, ikibaki imesimama kama hema sekunde moja mbili maji yamepungua sana. Alafu mguse fizi, zinatakiwa ziwe na utelezi, zikigandia kidole kama karatasi huyo ni wa dripu, kidonge baadaye.

Kuna na wale wanaotapika povu la njano asubuhi tu kabla ya kula, siku nyingine zote wako fiti. Hao mara nyingi tumbo limekaa tupu usiku kucha nyongo ikarudi nyuma, kale kachakula kadogo kabla ya kulala kanamaliza kesi bila cheti chochote. Ikiendelea mpeleke, ila jaribu hilo kwanza.

Tomi mwenyewe tulimpanga hivi mwishoni. Kwanza daktari alimpima uzito upya, manake nilikuwa bado nampa nusu ya kile cha mg 160 kama alipokuwa na kilo 10, na alikuwa ameshafika 15. Nusu hiyo ni mg 80, anahitaji 120, kwa hiyo tukahamia vidonge viwili vya mg 60. Alafu ikaja hesabu ya siku. Safari yetu ilikuwa kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili, Jumamosi hatutoki, nikadhani bado nampa siku zote tatu ili dawa "isikate". Daktari akacheka, akaniambia Ijumaa mpe, Jumamosi mbwa amelala kwenye kivuli unamzuia kutapika nini? Jumapili mpe tena masaa 2 kabla ya kuondoka. Na trazodoni tukajaribu kwanza Jumanne moja nyumbani hatuendi popote, kuona inamfanyaje, ili asije akaonja dawa mpya tukiwa katikati ya barabara. Ijumaa ile alipiga miayo miwili tu, akajilaza. Taulo nilibeba zote mbili vilevile.